Dohani ya Mguu wa Twiga

Mwezi uliopita wazazi wangu walinunua televisheni mpya, pana kupita kiasi, na ikabidi kabati la vioo la sebuleni lihamishwe kwa mara ya kwanza tangu nipate akili. Unalijua kabati la aina hiyo hata kama hujawahi kufika kwetu Machakos: vikombe ambavyo havijawahi kutiwa chai, picha ya harusi iliyopauka, kitambaa cha kufuma kwenye kila rafu. Letu lina kitu cha ziada. Katika rafu ya juu kimesimama kichwa cha treni ya mvuke, cheusi, chenye magurudumu mekundu, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Kila kitu chake ni cha chuma, isipokuwa dohani, lile bomba la kutolea moshi. Dohani yake ni ya mti, na inafanana kabisa na mguu wa twiga.

Nitaueleza huo mguu. Kwanza nikuambie kilichoanguka mimi na mdogo wangu wa kiume tulipolivuta kabati kutoka ukutani. Lilikuwa jarida ndani ya nailoni, halijafunguliwa, na kwenye kadibodi yake ilikuwa imebanwa dohani ndogo ya chuma. Ile tuliyoisubiri utoto wetu wote. Nilikaa sakafuni kwenye vumbi, mwanamke mzima mwenye shahada, mkopo wa nyumba na miwani ya kusomea, nikajihisi kama mtoto wa darasa la tatu aliyedhulumiwa.

Jarida hilo lilitoka Ulaya. Kila toleo lilikuja na vipande vichache vya treni, na mtu mwenye subira ya kutosha angeunganisha kimoja baada ya kingine mpaka apate treni nzima. Katika mji wetu liliuzwa kwenye duka moja tu, la mzee wa asili ya Pwani karibu na msikiti, aliyeuza magazeti, kalamu, juzuu za madrasa na tambi za taa. Sijui nani alimshawishi kuliagiza. Ninachojua ni kwamba alikuwa na mteja mmoja, naye alikuwa baba yangu, mwalimu wa jiografia wa shule ya msingi.

Baba alikuwa na ugomvi wa binafsi na reli. Alitufundisha, darasani na mezani, kwamba wajenzi wa reli waliitazama milima yetu, wakaona taabu, wakapita kule uwandani, Athi River na Konza, wakaiacha Machakos bila hata kituo. Alilisimulia jambo hilo kama mtu aliyeachwa na mchumba. “Treni ilikataa kuja Machakos,” alisema siku alipoleta toleo la kwanza. “Basi tutaileta kwa vipande.”

Waliopanga vipande hivyo hawakuwa na haraka wala huruma. Toleo la kwanza lilileta taa ya mbele na kengele. La pili lilileta gurudumu moja, pamoja na koleo la makaa lililokuwa dogo kuliko njiti ya kiberiti. Kwa miezi mingi treni yetu ilikuwa taa, kengele, gurudumu na koleo, vimepangwa juu ya kitambaa cheupe, na kila mgeni alionyeshwa. Mchungaji alipotutembelea aliombwa aone treni hapo kwa imani. Alitazama kwa muda, akasema imani yake haijawahi kupewa kazi nzito namna hiyo. Nyanya yetu, ambaye sisi Wakamba humwita susu, alikuja kutoka Kola na kikapu cha mapapai, akavitazama vile vitu, akauliza kama kitu hicho kilikufa au bado hakijazaliwa.

Lakini Jumamosi hizo, rafiki yangu, sijapata tena mfano wake. Asubuhi zilikuwa za kazi: kuteka maji, kupiga deki, kutwanga mahindi ya muthokoi kwenye kinu mpaka maganda yatoke na mikono iwake moto. Alasiri baba alitandaza gazeti la zamani mezani, akapanga wembe, gundi, mshumaa na kibano cha nyusi cha mama, kilichochukuliwa bila ruhusa na kurudishwa bila shukrani. Alisoma maelekezo kwa Kiingereza, akayafafanua kwa Kiswahili kana kwamba sisi wawili tulikuwa darasa la watu hamsini. Mdogo wangu alishika mshumaa. Mimi nilishika kibano, kwa sababu baba aliamua kwamba nina mikono mitulivu, sifa ambayo hakuna aliyewahi kuirudia. Harufu ya gundi ilichanganyika na ya maharagwe yaliyokuwa yakichemka jikoni, na hadi leo nikinusa gundi nasikia njaa.

Ahadi ilitolewa pamoja na toleo la pili. “Siku treni hii itakapokamilika,” baba alitangaza, “tutakwenda Konza sisi sote, tutapanda treni ya usiku, tutalala ndani yake, na tutaamkia Mombasa.” Mama, aliyekuwa akipepeta mahindi mlangoni, alinyanyua kichwa, akamtazama, akaendelea kupepeta.

Ningalikuwa na busara ningaliinyamazia ahadi hiyo. Badala yake niliipeleka shuleni Jumatatu. Kufikia mapumziko ya saa nne nilikuwa nimepokea maagizo kama mfanyabiashara. Jirani yangu wa dawati alitaka kombe la baharini. Mwingine alitaka nazi. Kiranja wa darasa alitaka maji ya bahari kwenye chupa, ili aonje mwenyewe, maana habari ya maji yenye chumvi aliiona kama propaganda ya watu wa Pwani. Niliwakubalia wote. Mwaka ulipokwisha bila mimi kusafiri wakanibandika jina. “Sasa, Mombasa?” walinisalimu kila asubuhi. “Bahari inasemaje?” Heshima yangu yote ikawa inategemea vipande vya chuma vilivyokuwa mahali fulani kati ya Ulaya na duka la yule mzee.

Hapa sina budi kutaja mambo ambayo tuliyaona bila kuyatazama. Baba alikwenda kila mahali kwa baiskeli, hata Kola, hata siku za mvua, akisema ni afya. Kila mara shule ilipopanga safari ya wanafunzi, alijitolea kubaki nyuma ili kuilinda, na walimu wenzake walimsifu kwa moyo wa kujinyima. Alipolazimika kwenda Nairobi kusahihisha mitihani, mama alimtilia ndimu kwenye mfuko wa koti, na aliporudi alilala akiuelekea ukuta mpaka siku ya pili. Mama alisema ni joto la Nairobi. Ndimu tulidhani ni za chai.

Hatimaye treni ikawa nzima, isipokuwa dohani. Picha kwenye jarida ilionyesha wazi kwamba dohani ingekuja na toleo la mwisho. Kila Jumamosi tulimfuata baba dukani, na mzee alituona tungali ng'ambo ya barabara.

“Meli, Mwalimu,” alisema kabla hatujasalimu.

“Meli imefanya nini?” mdogo wangu aliuliza.

“Meli haiulizwi, mwanangu. Husubiriwa.” Akatupa peremende moja moja, akamtazama baba, baba akaitazama dari.

Tulisubiri mpaka uvumilivu ukatuishia. Ndipo tukampelekea ile picha jirani yetu mchongaji, aliyechonga twiga na swala kwa ajili ya wafanyabiashara wa Nairobi. Malipo yalikuwa kumfagilia takataka za mti.

“Hii ni nini?” aliuliza.

“Dohani. Moshi unapita hapa.”

“Moshi mimi sijawahi chonga,” alisema, akiigeuzageuza picha. “Lakini kitu ya kusimama wima, hiyo naijua.”

Aliijua kupita kiasi. Mikono iliyokuwa imechonga twiga tangu ujana haikukubali kugeuzwa njia na picha moja. Kipande cha mjakaranda kilianza kama dohani, kikakonda katikati, kikapata goti, na chini kikamalizikia kwa ukwato. Alipokisugua kwa msasa alikitazama, akatutazama na sisi. “Iko na ka-goti,” alikiri. “Lakini itasimama.”

Tukampelekea baba. Alivaa miwani, akaupima ule mguu juu ya treni, akauzungusha polepole kama karatasi ya mtihani wa mtoto wa rafiki. “Kazi nzuri,” alisema. “Lakini swali halijajibiwa. Ahadi ilihusu treni iliyokamilika. Hii imekamilika kama twiga. Mmefeli, lakini kwa heshima.” Alituruhusu kuibandika kwa muda tu, ili treni isipate baridi. Kwa hasira nilimimina gundi yote iliyobaki. Susu alipokuja safari iliyofuata aliitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Hatimaye imezaliwa,” alisema. “Imefanana na wajomba zake.”

Ndivyo ilivyobaki. Mombasa nimefika mara nyingi baadaye, kwa basi, na kwa ndege kazi iliponipeleka. Kwa treni sijawahi. Kila nilipotaka kukata tiketi niliona kama ninaila sikukuu ya watu wengine peke yangu. Na sokoni Machakos wako wanawake wazima, wenye wajukuu, ambao bado wakiniona huuliza bahari inasemaje.

Basi mwezi uliopita niliinuka kutoka kwenye vumbi, nikamfuata baba kibarazani, mdogo wangu nyuma yangu akiwa amebeba treni.

“Baba, hii ni nini?”

Alipunguza sauti ya redio. Akavaa miwani. “Dohani,” alisema.

“Ilikuwa nyuma ya kabati.”

“Mahali pazuri. Hapana unyevu.”

“Waambie, Mwalimu,” mama akaitikia kutoka jikoni. “Mimi nimechoka kuficha hiyo kitu. Kila tukipaka rangi ukuta nakosa usingizi.”

Baba akasema kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo: “Mimi nikipanda gari hutapika. Basi, lori, hata trekta. Siku ya harusi yetu nilitapika kutoka kanisani mpaka Kola.”

“Kwenye kofia ya msimamizi,” mama akaongeza.

“Lakini ulituahidi,” nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

“Niliahidi tukiwa na gurudumu moja. Nilidhani jarida litafia njiani, kama mengine. Nani angejua Wazungu watamaliza?” Alivua miwani, akaifuta kwa shati. “Halafu siku moja yule mzee wa duka akaniita kando, akanipongeza, akanipa la mwisho. Nikalificha ndani ya koti. Usiku mzima kwenye treni, nyinyi mkinitazama. Mlikuwa mnadhani baba yenu anaijua dunia nzima. Nikamwomba mzee awaambie halijafika, akakataa. Alisema yeye hawadanganyi watoto. Atasema tu ‘meli’, kwa sababu mahali fulani meli ipo.”

“Mimi waliniita Mombasa, Baba. Mpaka leo.”

“Najua,” alisema. “Nilikuwa nawasikia kutoka darasa langu. Kila nikisikia nilikuwa naondoka nikiwa nimeamua kulifungua lile jarida. Nikifika nyumbani naitazama ile baiskeli, nakumbuka kwa nini naipanda.”

Ningependa kukuambia kwamba nilikasirika. Nilijaribu. Lakini nilikuwa nikifikiria duka la yule mzee, ambalo sasa huuza vifuniko vya simu, na mzee mwenyewe amelala makaburini. Susu hayupo, na mchongaji alihamia Nairobi kuwafuata wateja wake. Treni ya usiku ya abiria haisimami tena Konza, na nyasi zimeinuka kati ya mataruma ya reli. Ile mpya hupita juu ya tuta kwa kasi, na watu wa kwetu huipandia Athi River. Kwa mchana mmoja tu unafika Mombasa, hakuna haja ya kuamkia popote. Safari tuliyoahidiwa haipo tena duniani. Mtu pekee aliyebaki nayo ni huyu mzee kibarazani, na amebaki nayo kama deni la moyo, nyuma ya kabati, mahali pasipo na unyevu.

Mdogo wangu alifungua nailoni, akaitoa dohani ya chuma, ingali inang'aa. Akaushika mguu wa twiga ili aung'oe. Haukutikisika. Akaongeza nguvu, na treni nzima ikalia kama itavunjika.

“Acha,” baba alisema. “Hiyo imeshakuwa dohani.”

Aliichukua treni, akaiweka magotini, akaizungusha polepole, kama siku ile. Alipapasa goti, kisha ukwato, kisha ile gundi ya hasira yangu iliyoganda kama asali. “Nimesahihisha upya,” alisema. “Mmepita. Treni imekamilika.”

Jikoni, kijiko cha mama kiliacha kukoroga.

“Hii treni mpya ya Mombasa,” baba akaniuliza, “inatikisika?”

“Wanasema si sana, Baba.”

“Si sana,” alirudia, akiyapima maneno hayo. Alitazama mbali, upande wa uwanda, kule reli ilikoamua kupita. Kisha akayageuza macho nyuma ya nyumba, kule ulikosimama mndimu wetu, akaweka treni mezani kwa uangalifu, goti la dohani likiwa limeelekea Mombasa.

“Mwambie mama yako achume ndimu,” alisema. “Nyingi.”