Adaptive suspension kwenye coupe: nilichojifunza siku niliyokwenda kumchukua mama Mwese

Heshima kwenu wakuu wa jukwaa la magari.

Kuna mwenzetu juzi kauliza hapa: anaagiza coupe, je, aongeze hela apate yenye adaptive suspension au achukue ya kawaida? Nimesoma majibu. Wengine "achana nayo, magumashi hayo", wengine "chukua, maisha mafupi".

Mimi ninalo. Nitaeleza yaliyonikuta bila kuongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi nilifanya ujinga. Mnivumilie, uzi ni mrefu na mama yangu yumo ndani.

Naishi Mpanda. Nina mashine ya kukoboa mpunga kule Kibaoni, kwa hiyo wiki nzima ni vumbi la pumba na kelele. Tangu ujana napenda gari la chini, milango miwili, ukikanyaga linakubandika kwenye kiti. Jina lake silitaji, maana nawajua nyie, tutaanza ligi ya brand hapa mada ipotee.

Mambo yalipokaa sawa nikaanza kuperuzi mtandaoni. Nikabaki na mawili, rangi moja, umri mmoja. Tofauti ni hiyo suspension tu. Moja lina shokapu za kawaida, la pili lina shokapu za umeme, unabonyeza kitufe zinakuwa laini au ngumu.

Sasa, kipindi hicho mama alikuwa anaumwa mgongo.

Mama anaishi milimani Mwese, kwenye kitongoji kilichojificha nyuma ya kilima. Asili yetu ni Burundi, wazee walikuja wakaanza upya hapa, sisi tumezaliwa hapa hapa na mihogo na maharage yetu yako hapa. Baba alishafariki, mimi ndiye mtoto wa kiume pekee.

Mama alianguka, pingili za mgongo zikaumia. Alituambia kateleza shambani. Mara ya kwanza nilimleta mjini kwa pikapu ya rafiki. Wakuu, ile safari bado inanisumbua. Kila shimo mama analia kimyakimya, kang'ata pindo la kitenge ili nisimsikie. Alipata dawa, akarudi kwake, akaapa hapandi gari tena. Miezi ikapita, ikafika mahali hata kuinama kuchochea moto hawezi.

Kwa hiyo nikamwambia mke wangu, Mama Ester: "Nachukua lenye adaptive. Ni kwa ajili ya mama."

Akaniangalia. "Kwa ajili ya mama ungenunua gari la juu."

Nikajifanya sijasikia. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa kwa ajili yangu, na mama nilimtumia kama kisingizio. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Gari lilipofika nikaenda Dar kulichukua, nikaja nalo kupitia Dodoma na Tabora. Hapa niwe mkweli kwa wale wanaosema ni magumashi: si magumashi. Ukiwa comfort, ile laini, viraka vya lami unaviona kwa macho lakini mgongo hauna habari navyo. Ukiweka sport linakaza, kona inakatwa bila bodi kulala. Toka Inyonga hadi Mpanda nilikuwa naimba peke yangu.

Nikampelekea fundi wangu, Msukuma mmoja anaitwa Masanja. Akalizunguka, akachungulia chini, akacheka.

"Zuri. Ila uelewe jambo moja. Hizi shokapu zinabadilisha ugumu. Haziinui gari. Zile za upepo ndizo zinainua, hizi hapana."

"Najua."

Sikuwa najua. Kichwani kwangu niliamini nikibonyeza comfort, gari linajisogeza juu kidogo. Niliona aibu kuuliza, mtu mzima nimeshalipia.

Wiki chache baadaye tukasikia daktari bingwa wa mifupa anakuja Mpanda kwa siku tatu tu, halafu haijulikani atarudi lini. Nikampigia mama.

"Halitaniumiza kweli, mwanangu?"

"Mama, hili ukikaa ni kama uko kitandani. Nakuapia."

Akasema sawa, anakuja. Mama yangu si mtu wa kubadili kauli. Alikubali kwa sababu mwanae kaapa.

Nikatoka Mpanda alfajiri. Lami ya kwenda Kigoma, raha tupu. Nikakata kushoto kuanza kupanda milima, na pale pale nikaanza kuoga jasho. Kila jiwe linagonga chini kwaa! Nabonyeza comfort, tayari iko comfort. Naenda mwendo wa kinyonga, boda zinanipita, abiria wanageuka kunitazama kwa huruma.

Kwenye kijito kimoja, mvua ilishachimba mfereji katikati ya barabara. Nikajaribu kupita upande. Bampa ya mbele ikakaa juu ya tuta, na tairi moja ya nyuma ikaninginia hewani. Shokapu zangu za umeme zilikuwa nzima kabisa, kompyuta ya gari haionyeshi kosa lolote. Gari tu lilikuwa fupi.

Wapita njia wakanisaidia kulinyanyua na kulirudisha nyuma. Nikaliegesha kwenye uwanja wa kanisa lililokuwa jirani, nikachukua boda hadi nyumbani.

Mama alikuwa ameshavaa. Kitenge kipya, kilemba, viatu vya Jumapili, amekaa kwenye kiti mlangoni na kimfuko chake mapajani. Aliangalia nyuma yangu kutafuta gari.

Nikajifanya nahangaika kumlipa wa boda, wakuu. Mwanaume mzima na ndevu. Mwisho nikamwambia gari limeishia kijitoni, na kutoka pale hadi hapa ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Kwenye boda hawezi kukaa hata dakika mbili.

Hakunigombeza. Alivua viatu vyake taratibu, akaanza kuvifutafuta vumbi ambalo halikuwepo. Bora angenichapa.

Jirani yetu Simeoni, tuliyesoma naye shule ya msingi, alikuwa anapita na jembe. Akasimama, akaniuliza shida nini, nikamweleza. Akasema, "Ngoja." Akaenda.

Kwa wasiojua: kwetu kuna ngobyi. Ni machela ya kusukwa kama kikapu kirefu, ina miti miwili pembeni, wanaume wanne wanabeba mabegani. Kila nyumba kitongojini ina zamu. Mgonjwa akizidiwa, mjamzito akishikwa na uchungu, ngobyi inatoka, na nyumba yenye zamu inatoa mtu. Mimi tangu nihamie mjini sijawahi kuweka bega langu pale. Hata salamu nilikuwa sitoi.

Nusu saa haikupita, wakaja wanane wa kupokezana. Wengine na matope miguuni, wameacha mashamba. Hakuna aliyenisema. Mama akalazwa, blanketi chini, blanketi juu, wakaondoka kuelekea liliko gari.

Sasa wakuu wa suspension njooni hapa mjifunze.

Wale watu hawatembei kwa hatua moja kama askari. Kwa makusudi kila mmoja anakanyaga kwa wakati wake, kwa sababu wakikanyaga pamoja ngobyi inaruka. Aliyeko mbele anaita njia kwa sauti ya chini: "Jiwe kulia." "Mzizi." "Tunashuka." Wa nyuma wanasikia kabla hawajafika, wanakunja magoti, na kikapu kinabaki kilekile. Kwenye mteremko, wa mbele wanainua, wa nyuma wanashusha, mgonjwa hata hajui kama kuna mteremko.

Nikaomba kupokea. Simeoni akanipa mti wa nyuma kushoto. Hatua kama kumi tu, tukasikia sauti kutoka ndani ya blanketi:

"Ni nani huyo ananirusha?"

Wabebaji wote wakanigeukia mimi.

"Ni wewe, mwana wanje?" Kirundi hicho, yaani mwanangu.

Jamaa walicheka hadi ikabidi tusimame. Mama naye alikuwa anacheka, anashika mgongo na kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke. Nikatolewa kwenye mti, nikapewa kazi ya kutangulia na kuondoa matawi njiani.

Tulipopumzika mara ya pili nilimvuta Simeoni pembeni. Nikamwambia nataka kuwapa chochote watu hawa, maana mimi si mwenzao, sijawahi kushika zamu.

Akashangaa. "Zamu ya nyumba yenu haijawahi kukosa, Baba Ester."

"Nani alikuwa anabeba?"

"Mama. Mti hawezi, lakini kila ngobyi ikitoka kwa zamu yenu, anakuja nyuma na ndoo ya uji wa wabebaji kichwani. Tukamwambia basi, inatosha, tumeshaelewa mwanao yuko mjini. Akasema jina la mwanangu lisifutwe. Siku ile tunampeleka zahanati mke wa Yona, jirani yetu, mvua imenyesha, pale kwenye kona akateleza na ndoo yake."

Nikamuuliza siku gani hiyo.

"Siku aliyoumia mgongo. Hujui?"

Nilikaa chini, wakuu. Nilikaa palepale njiani. Mama alitudanganya kuhusu shamba ili nisijisikie vibaya. Mgongo wake uliumia akitembea kwenye nafasi yangu. Na mimi huku nachagua rangi ya rimu.

Nililia, sitawaficha. Simeoni alisimama mbele yangu, akanikinga wengine wasinione, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Tulifika kanisani. Na hapo gari langu likapata sifa yake ya kwanza: kwa ufupi wake, ngobyi ikiwekwa chini inalingana kabisa na kiti. Tulimtelezesha mama kutoka kwenye blanketi hadi kwenye kiti nilichokilaza, hakunyanyuliwa hata kidogo. Simeoni akajikunja siti ya nyuma, akasema hawezi kuniachia mama nimrushe tena.

Hadi lami ilitupasa kwenda taratibu sana. Simeoni akawa anachungulia kati ya viti na kuita: "Jiwe kushoto." "Tunashuka." Na mimi nafuata kila anachosema. Sehemu mbaya alikuwa anashuka na kutangulia kwa mguu, ananielekeza kwa mkono. Chini iligonga mara kadhaa, mama alikunja uso, lakini hakulia.

Tukaingia lami. Nikabonyeza comfort, nikaenda mwendo wa kawaida wa safari. Mama alikuwa amefumba macho.

Baada ya muda akauliza, "Mbona tumesimama?"

Nikamwambia hatujasimama mama, tunakwenda.

Akafumbua macho akaona miti inavyopita dirishani. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye gia, na hakuutoa hadi tunaingia Mpanda.

Daktari alimuona kesho yake. Akapewa mkanda wa mgongo na mazoezi ya viungo, akakaa kwangu miezi minne. Sasa anatembea, anainama kidogo, na amesharudi kwake. Nilimbembeleza abaki mjini, akagoma.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia ukweli wa kuanguka kwake. Akasema, "Ungekuja kwa sababu ya aibu. Nilitaka uje kwa sababu umetukumbuka."

Nikamuuliza zamu ya nyumba yetu inayofuata ni lini.

Haya, sasa jibu la mwenzetu aliyeuliza.

Adaptive suspension inafanya kazi. Kama maisha yako ni lami, na kuna mtu unayempenda ambaye mwili wake unauma, ongeza hela uchukue, hutajuta. Kama njia zako ni kama zangu, angalia kwanza gari limeinuka kiasi gani na tairi zake zina unene gani, hayo mengine baadaye. Halafu ujue kuwa hizi shokapu zikianza kuvuja, kuzipata huku kwetu ni mtihani. Ya mbele kulia imeshaanza kutoa mafuta, na Masanja kila akinitazama anatabasamu tu.

Na ukisema unanunua kwa ajili ya mtu fulani, mwulize huyo mtu. Mimi sikumuuliza mama. Ningemuuliza, nadhani angeniambia hahitaji gari, anahitaji nipande mlimani nikamwone.

Gari nimelitangaza linauzwa, natafuta la juu la kawaida. Zamu ya nyumba yetu imeshanikuta mara mbili. Mara ya pili tulimbeba binti mjamzito, mama akataka kutufuata na uji, nikampokea ndoo nikamwambia abaki nyumbani. Alisimama mlangoni akitutazama hadi tulipopotea kwenye kona.

Wenye uzoefu na hizi shokapu karibuni, hasa anayejua zinapopatikana. Na kama mama yako yuko hai na hujampigia wiki hii, acha kwanza ku-comment, mpigie, sisi utatukuta hapa hapa.