Kompyuta Mpya na Akina Khamis wa Koboko

Aibu nyingine mtu unaizika mwenyewe, unanyamaza, na baada ya muda hata wewe unaisahau. Yangu sikupata nafasi ya kuizika kwa sababu ilitokea kwa herufi kubwa nyekundu mbele ya watu wa Koboko, wakubwa kwa wadogo, na wale wasiojua kusoma wakasomewa. Kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe, maana ukimwachia mtu wa soko la Koboko akueleze atakuongezea na mengine ambayo hayakuwepo.

Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa mpiga chapa kwa Hajati Mariam pale Arua mjini, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hajati alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, mashine moja ya fotokopi iliyokuwa ikiugua mara kwa mara, na kompyuta moja aliyoipenda kama mtoto wake wa mwisho. Kompyuta ile ilikuwa ya mtindo wa zamani: kioo cheusi, maandishi meupe, ukitaka kitu unaandika amri, ukikosea herufi moja inakukatalia. Mimi nilizijua amri zile zote kwa kichwa. Watu walikuwa wanasimama dirishani kunitazama vidole vikikimbia na mimi (nisiwadanganye) nilipenda kutazamwa. Hajati naye alinisifu kwa kila mteja: “Zaituni wangu iko na kichwa ya kompyuta. Hata Kampala watamutaka.”

Basi Hajati akapata wazo la kufungua tawi Koboko, mimi nikawe msimamizi huko, na akaona si vizuri kwenda Koboko na mfumo wa kizamani. Akaita fundi kutoka Kampala. Fundi alikuja na boksi la diski, akashinda pale anatoa hii anaingiza hii, na jioni kioo changu cheusi kilikuwa kimekufa. Badala yake palikuwa na uwanja mtupu wa kijani cha ajabu, picha ndogo ndogo zimepangwa pembeni, pipa la taka (pipa la taka ndani ya kompyuta, hebu fikiria), na huko chini kitufe kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba anzia hapa. Amri zangu zote hakuna pa kuziandika. Sasa unashika kile kidude cha kusukuma kwa mkono, mausi, unawinda picha, unabonyeza mara mbili upesi upesi, na ukichelewa kidogo haifunguki.

Yule fundi akaniambia kwa upole, “Dada, mimi naweza kubaki kesho nikufundishe. Iko na mambo mingi mupya hii.”

Hajati alikuwa amesimama nyuma yangu, anasikiliza. Nikasema, “Hapana, asante. Mimi najua.”

Neno dogo tu hilo, najua. Fundi akapanda basi lake akaenda.

Majuma yaliyofuata niliteseka kimyakimya. Kadi ya harusi ya watu wa Logiri niliisukuma kwa bahati mbaya, ikaingia pipani, nikaanza kuichapa upya huku mwenyewe amekaa kwenye benchi ananiuliza kama karatasi zimekwisha. Barua ya mwalimu mkuu mmoja iligeuka herufi zote nene na ikakataa kukonda. Hata kuzima mashine, lazima uanze na kile kitufe cha kuanzia, jambo ambalo mpaka leo silioni mantiki yake. Hajati akiingia najifanya nafikiria.

Sasa siku moja alasiri Hajati amekwenda kuswali, mimi niko peke yangu, nikasema ngoja nitafute namna ya kurudisha kile kioo cheusi. Nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu. Likatokea dirisha. Ndani ya dirisha kuna vichwa vya habari, nikafungua kimoja, nikakuta orodha, na ndani yake kitu kama maneno yanayotembea, na chini yake kisanduku kinangoja uandike. Mtu akikuwekea kisanduku kitupu namna hiyo mkono unawasha. Na mawazo yangu siku hizo yalikuwa ya namna moja tu.

Kulikuwa na kijana wa Koboko, Khamis, fundi wa injini na jenereta. Kila alipokuja Arua kutafuta spea alipita dukani, ananiletea karanga, anakaa, tunazungumza mpaka giza linakaribia, halafu anaamka anasema, “Haya Zaituni, mpaka juma lijalo.” Juma lijalo karanga, juma lijalo karanga. Kuhusu kuleta watu nyumbani kwetu, kimya. Yeye Mkakwa, mimi Mlugbara wa Vurra, lugha yetu sisi wawili ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo niliandika kwa Kiswahili: KHAMIS UTANIPOSA LINI NIMECHOKA KUNGOJA. (Ningeandika Kilugbara, nusu ya Koboko wasingeelewa na leo ningekuwa na heshima zangu.)

Nikachagua rangi nyekundu, nikabonyeza hapa na pale, nikangoja kuona maneno yakitembea. Hayakutembea. Nikadhani imekataa kama inavyokatalia mambo mengine, nikafunga dirisha, Hajati akarudi, tukaendelea na kazi. Sikujua kwamba maneno yale yanatoka tu mashine ikiachwa muda bila kuguswa, na pale Arua nani angeiacha bila kuguswa, wakati mafuta ya jenereta bei yake ilikuwa kama ya dawa? Kazi ikiisha tunazima hapo hapo.

Siku ya kufungua tawi ikafika. Kompyuta ilisafiri kutoka Arua mpaka Koboko kwenye pikapu, nimeipakata, imefungwa blanketi, na barabara ile ya vumbi ilikuwa inatutupa juu na chini. Hajati alikuwa amealika watu kweli kweli: wafanyabiashara wa mpakani, wa Kongo na wa Sudani, walimu, kina mama wa Kinubi wamevaa nguo zao nzuri kabisa, wazee wa kijiji cha Midia waliokuja na baiskeli. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo meza iliwekwa barazani na kioo kikaelekezwa kwa watu. Jenereta iliwekwa nyuma ya nyumba, na fundi wa jenereta, mnamjua. Mama yake Khamis naye alikuwepo, amekaa kwenye mkeka mstari wa mbele, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, mjane wa askari. Mimi nilimwamkia kwa magoti yote mawili.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilichapa majina ya wageni, printa ikalia kama panya kwenye gunia, karatasi ikatoka, watu wakapiga makofi. Hajati akasema niiache mashine ikiwaka watu waione, akamkaribisha mgeni rasmi atoe hotuba. Mgeni rasmi alikuwa tajiri wa kahawa, mtu mwema mwenye wake wawili, wote wamekaa pale. Jina lake Haji Khamis.

Haji alisimama mbele ya meza, mgongo kwa mashine, akaanza kueleza habari za maendeleo, na yeye akianza habari za maendeleo si mtu wa kumaliza upesi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni najipepea na karatasi. Nikasikia kicheko kidogo huku, kingine kule. Haji akafurahi, akadhani wanacheka maneno yake, akaongeza sauti. Nikageuza shingo. Kioo chote kimekuwa cheusi na maneno mekundu makubwa yanapita pole pole kutoka kulia kwenda kushoto, yakiisha yanaanza tena.

Kabla sijanyanyuka, sajini mmoja mstaafu, Afande Kassim, ambaye Hajati alimpa kazi ya kuongoza shughuli, aliona ni wajibu wake kuwasaidia wasiojua kusoma. Akasoma kwa sauti ya gwaride: “Khamis. Utaniposa lini. Nimechoka kungoja.”

Haji Khamis akakatika katikati ya neno. Akageuka, akasoma, akawageukia wake zake. Mke mdogo akauliza polepole, “Haji, hii mutoto ya kompyuta, wewe namujua toka lini?”

“Mimi? Haki ya Mungu, leo ndiyo naona yeye.”

Na hapo mzee mmoja wa Midia, aliyefiwa na mkewe, mkulima wa muhogo, akasimama kwa fimbo yake, akavua kofia. “Mimi naitwa Khamis,” akasema. “Hii mambo nilikuwa sijui. Lakini mimi sina neno. Niko tayari.” Nyuma yake mchinja nyama wa sokoni, Khamis mwingine, mkewe alikuwa ameshamshika mkono wa shati.

Nikarukia meza, nikashika mausi, maneno yakatoweka. Nikasema, sauti inatetemeka, kwamba mashine ilikuwa inajipima tu. Baadhi waliamini. Ningeishia hapo pengine ingepoa, lakini mimi kwa hofu nikaona dawa ni kuizima kabisa, na kwa hofu ile kile kitufe cha kuanzia sikukiona hata kilipo, kwa hiyo nikavuta waya. Hajati akanijia, anatabasamu kwa wageni na kuniuma kwa maneno: “Washa. Watu ya Midia hawajaona kitu.” Nikawasha. Mashine ikakataa kufunguka haraka, ikaleta maandishi ya kunilaumu kwamba nimeizima vibaya na sasa inajikagua, na watu wote wakakaa wanaitazama inavyojikagua kama wanangoja matokeo ya hospitali. Mwisho ikaimba wimbo wake wa kuamka.

Kuanzia hapo nilisimama na mausi mkononi, nazungusha, nazungusha ili maneno yasirudi, kama mtu anayesonga ugali wa muhogo, Haji anamalizia hotuba mbali kidogo na mimi, na wake zake hawamsikilizi, wananitazama mimi. Mkono uliuma. Halafu Hajati akaniita nihudumie wageni chai. Nikakataa kwa macho. Akaniita tena kwa jina. Nikaenda, nikagawa chai mbiombio, nikimwagia watu kwenye visahani, lakini wageni walikuwa wengi, na kabla sijamaliza birika Afande Kassim akatangaza, “Imerudi.”

Mke mkubwa wa Haji akainuka. Hakuwa na hasira, alikuwa na ule utulivu ambao ni mbaya kuliko hasira. “Binti yangu,” akasema, “hapa Koboko akina Khamis iko mingi. Sema tu, wewe nataka Khamis gani? Watu ipate kupumua.”

Birika mkononi, Haji anatokwa jasho, Hajati ameziba mdomo kwa mtandio. Nikaona nikinyamaza nitavunja nyumba ya mtu ambaye hajanikosea lolote, na duka la Hajati litakufa siku lilipozaliwa. Nikasema, “Huyu wa jenereta.”

Wakaenda kumwita. Alikuja anafuta mikono kwa kitambaa, hakuwa amesikia chochote kwa kelele za injini. Wakamwonyesha kioo. Akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akageuka akarudi nyuma ya nyumba, na mimi nikaona nimekwisha. Mara jenereta ikazimika, kioo kikafa, na ukimya ukaingia uwanja mzima. Akarudi, akamwambia mama yake mbele ya watu, “Mama, si mimi nilikuambia zamani? Sasa umesikia mwenyewe.”

Yule mama akanitazama kuanzia miguuni. Akasema, “Kijana alisema kweli. Mimi ndiye nilikataa. Nilimuambia, mutoto ya ofisi, anashika mashine ya bei kali, yeye atakuja kupika na kuni ya moshi hapa kwangu? Atatuona sisi watu ya chini. Sasa naona anatetemeka kama mutu yote.” Akasogea kwenye mkeka, akapiga pale pembeni yake kwa kiganja. “Weka birika chini. Kaa.”

Nikakaa.

Watu wa Khamis wangu walikuja kwetu kuposa baada ya mavuno, na mzee Khamis wa Midia alikuwa mmoja wa wazee waliosindikiza, ameleta mfuko wa muhogo mkavu na kusema kwamba ameshindwa kihalali. Kabla ya hapo nilimwomba Hajati amrudishe yule fundi wa Kampala, nikakaa mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza, namuuliza hata mambo ya kijinga, na alipofika kwenye maneno yanayotembea nilimwambia hapo aruke, hapo nimeshasoma. Tangu wakati huo mashine zimebadilishwa mfumo mara nyingi, na kila mara nasema sijui kabla sijaulizwa.

Lakini ya Koboko hayafutiki. Nikipita sokoni vijana wa boda wananiita Utaniposa Lini, na wanaita kwa heshima kabisa, wakidhani ndilo jina langu. Na ule mwezi wa kwanza wa tawi letu, wateja wa kuchapa barua walikuwa wachache sana. Waliokuja wengi walikuwa wasichana, mmoja mmoja, saa za mchana watu wakiwa wamelala, wanasimama mlangoni wanachezea ncha ya mtandio, wananiuliza kwa sauti ndogo kama ile mashine inaweza kuwaulizia na wao.