Aliyemliza Mbwa Wangu

Nimemwita mwenzangu mchawi mbele ya jumuiya yetu nzima ya sala, na sina pa kuficha uso.

Jumuiya ikisali kwangu hapa Ihembe, nyimbo naanzisha mimi, maana sauti ninayo. Tukianza tu, mbwa wangu Tomi anainua pua na kulia uuu, kama kuna msiba. Akilia, anamtazama jirani yangu Ma Koku, anayekaa mlangoni. Nilimchunguza wiki tatu. Alhamisi nikashindwa kuvumilia.

"Ma Koku, mbwa wangu anaona nini kwako? Au unaturoga?"

Watu wakamgeukia. Ma Koku machozi yakamlengalenga.

Bwana mifugo, muumini mwenzetu, akasema, "Bibi, mbwa mwitu wa nchi za baridi huitana porini kwa kulia hivyo. Huyu wa nyumbani bado ana damu yao. Akisikia sauti inayovutwa sana, anadhani anaitwa, anatazama mlangoni atoke. Hebu imbeni mmoja mmoja."

Ma Koku akaimba. Tomi akasinzia. Wakaimba wengine, hata sikio hakutikisa.

"Umebaki wewe, mwenzangu," akasema Ma Koku.

Hata kabla sijamaliza neno la kwanza, Tomi alisimama, akaniitikia mpaka mwisho wa ubeti.