Kadi ya Kinyesi cha Tembo

Juzi nilikuwa nachagua kadi kwenye duka la zawadi za watalii hapa Karatu. Dada muuzaji akanishauri nichukue zile za rangi ya kahawia.

"Hizi zimetengenezwa kwa kinyesi cha tembo," alisema. "Kinaoshwa, kinachemshwa, kinaanikwa. Hakuna mti uliokatwa wala dawa iliyomwagwa mtoni."

Nikaanza kujiona mtu wa maana.

Pembeni alisimama baba mmoja wa kijiji cha Rhotia, aliyekuwa ameleta maharage kwenye mgahawa wa humo ndani. Aliomba kadi, akainusa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakwaruza kwa ukucha kijipande cha njano.

"Tembo wa wapi?"

"Wa hapa hapa, baba. Wa huko msituni juu."

"Hao hao walioingia shambani kwangu?"

Dada akanitazama mimi, utadhani ndimi mwenye tembo.

"Mti haujakatwa, nimekuelewa," baba aliendelea, wala hakukasirika. "Lakini haya si mahindi yangu? Sasa hapa nifurahi au nilie?"

Akairudisha kadi kwa mikono miwili, kama anayemrudisha mtoto mchanga kwa mama yake.

Nikainunua, sijui hata kwa nini. Karatasi ya kawaida inamaliza msitu, hilo nalijua. Hii nayo nashindwa kuielewa. Nilitaka kumwandikia rafiki yangu pongezi za harusi, lakini mpaka leo iko tupu. Kila nikishika kalamu, naona kama naingia shambani kwa mtu bila kupiga hodi.