Mwaka Nilioitwa Lumbesa

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano. Ukitaka kujua umri wangu usiniulize tarehe, niulize tulikula nini. Mvua ilikataa, serikali ikaleta mahindi kutoka ng'ambo, ya njano kama jicho la paka, na ugali wake ulinuka gunia hata ukiula kwa nyama. Mpaka leo nikipita mahali gunia la katani limelowa maji, pua yangu inafika utotoni kabla yangu.

Lakini sisi wa Kibirichia, juu mlimani, tulikuwa na viazi. Shamba letu lilipakana na msitu, udongo wa huko haukukauka wote, kwa hiyo watu wa bondeni walipokuwa wakilia, sisi tulikuwa tukimenya. Asubuhi viazi vya kuchemsha. Mchana viazi vya kupondwa na majani ya malenge. Jioni vya kuchemsha tena, na ukilalamika ulichomewa kimoja kwenye majivu ukaambiwa hicho ni chakula kingine.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mwili wangu ukaamua kuja wote mwaka huo huo. Kifua kilikuja, makalio yakaja, mapaja yakaanza kusalimiana nikitembea. Jumapili moja gauni langu lilipasuka kwapani tukisimama kuomba, na mhubiri akanyamaza kidogo akidhani ni benchi limevunjika. Shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la tano, kwa hiyo sikuwa na mwalimu wa kuniambia kwamba msichana wa umri ule huongezeka hivyo. Nilidhani ni mimi peke yangu dunia nzima.

Kila Jumanne lori la Mutea lilikuja kununua viazi. Mutea alikuwa mtu wa kofia ya ngozi na mdomo mwepesi, na mizani yake ya ndoano aliitundika kwenye gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili. Sasa, kabla ya kupima viazi, alipenda kupima wasichana. Ulikuwa mchezo wa pale, na hakuna aliyeuona ubaya wake. Msichana anashika ndoano kwa mikono miwili, anakunja miguu, ananing'inia, na Mutea anasoma mshale kwa sauti kubwa kama anayetangaza ndoa. Watu wote wanacheka, hata mama zetu.

Jumanne hiyo alianza na Karimi, binti ya mjomba wangu, aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi alikokuwa akilea watoto wa watu. Karimi alikuwa na kiuno cha nyigu na mshipi mwekundu mpana kama kiganja.

"Wewe ni debe mbili na kiazi kimoja," Mutea akamwambia. "Mbegu safi."

Kisha akaniona mimi. "Nkatha, njoo. Usijifiche nyuma ya mama yako, hutoshi."

Nikashika ndoano. Gogo likalia. Mutea hakusoma mshale hata kidogo, alivua kofia yake tu na kuinama kama aliyekutana na mkubwa.

"Jamani, hili si gunia," akasema. "Hii ni lumbesa. Imeshonewa mpaka kofia."

Lumbesa, kwa asiyejua, ni gunia lililojazwa mpaka mdomo ukakataa kufungwa, kisha likaongezewa kichwa cha kamba na majani juu yake. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nilicheka, maana ningefanya nini? Lakini jina lilishuka nami kutoka kwenye ndoano ile. Lilinifuata mtoni, likanifuata kanisani. Watoto wadogo wasiojua hata kufuta kamasi waliniamkia, "Lumbesa, habari ya asubuhi."

Karimi akanihurumia kwa namna yake.

"Wewe ukienda Nairobi utalipa viti viwili kwenye basi," akaniambia tukichota maji. "Acha kula. Halafu jifunge tumbo. Mimi hukaza mshipi mpaka njaa inasahau njia."

Mimi sikuwa na mshipi. Nilichokuwa nacho ni mukwa wa mama, ule ukanda wa ngozi ambao mwanamke wa kwetu huuweka utosini akibeba mzigo mgongoni. Nikauiba. Nikajifunga tumboni chini ya gauni, nikakaza mpaka nikaona nyota mchana. Na chakula nikaacha. Nilikuwa nakaa na sahani karibu na mlango, na viazi vyangu vinaingia mfukoni kimoja kimoja, kisha vinaenda kwa mbuzi.

Mama alimshangaa sana yule mbuzi. "Ukame wote huu," alisema, "na huyu ananawiri kama bibi arusi. Anakula nini?" Na mukwa wake aliutafuta siku nane. Aliinua vitanda, akapekua kuni, akamshuku jirani mpaka wakanyimana chumvi. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, ukanda unanikata mbavu, nikimsaidia kutafuta.

Siku ya tisa tulivuna. Nilipewa kamba ya katani nibebe debe tatu kutoka shambani hadi barabarani. Zamani debe tatu nilizibeba nikipiga mluzi. Siku hiyo nilifika katikati ya mteremko, macho yakajaa weusi, na jambo lililofuata ninalokumbuka ni viazi vikinipita vikiteremka, vingi, vikikimbia kuelekea mtoni kama vinaitwa.

Walionifikia kwanza hawakuwa watu wa kwetu. Walikuwa mwanamke wa Tharaka na binti yake wa umri wangu, waliopanda kutoka bondeni kuomba viazi. Mwanamke alipiga ukelele kumwita mama. Yule binti akashuka mpaka ukingo wa maji, akaviokota viazi vyote, akavirudisha kwenye gunia, na hakuficha hata kimoja. Nilimtazama sana. Miguu yake ilikuwa kama mipini ya jembe. Alipokuja kunishika aniinue, aliukamata mkono wangu hapa juu, akaubonyeza taratibu.

"Mkono wako umejaa," akasema. "Wangu ulikuwa hivi kabla ya njaa."

Hakunicheka. Aliutazama mkono wangu kama mtu anayetazama nyumba aliyohamishwa.

Mama alifika, akanifungua vifungo nipate hewa, na hapo ndipo alipouona mukwa wake. Nilifumba macho nikingoja kofi. Kofi halikuja. Aliufungua polepole, maana ulikuwa umeshika ngozi, akawajazia wageni kikapu chao, akawaaga. Walipokwenda ndipo akakaa nami kwenye udongo.

"Nkatha, huu ni wa kichwani. Nani alikwambia tumbo linafungwa nao?"

"Mutea alisema mimi ni lumbesa."

"Mutea ni mnunuzi wa viazi. Hata akiangalia mlima anaona kiazi. Wewe ni kiazi?"

"Hapana, mama."

"Basi anakupima kwa nini?"

Nililia mpaka nikasikia njaa, na mama akaniambia hiyo njaa ni rafiki, imekuja kunirudisha nyumbani.

Hakunipa dawa yoyote. Alinihamisha kutoka mlangoni akaniweka kando ya moto, mbele ya macho yake. Kwenye viazi akaongeza maharagwe na mboga za porini, na maziwa kikombe yakipatikana. "Ukisikia njaa sema," aliniagiza. "Ukishiba weka sahani chini. Mwili wako una akili kuliko Karimi." Nikarudia kazi kidogo kidogo, debe moja, kisha mbili. Mbuzi peke yake ndiye aliyekonda. Mimi sikukonda, nawaambia ukweli. Nilibaki mkubwa, lakini nikawa mkubwa ninayejisikia vizuri, na usingizi ukanirudia, na mluzi pia.

Mwezi haukuisha, tukakutana tena na Mutea kwenye gogo lake. Watu walikuwa wengi. Karimi alikuwa ameshashika ndoano.

"Lumbesa wangu yuko wapi?" Mutea akaita. "Njoo tuone kama umeongeza kofia ya pili."

Nikaiona sura ya yule binti wa Tharaka, nikasikia kidole chake mkononi mwangu. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoitengeneza:

"Mimi si kiazi. Sipimwi."

"Ati?"

"Mimi si kiazi. Sipimwi."

Kisha nikauweka mukwa utosini, huo huo wa mama, nikachuchumaa mbele ya gunia letu la debe tatu, nikainuka nalo. Nilitembea mpaka kwenye ndoano, nikageuza mgongo, nikalishusha mbele ya viatu vyake.

"Pima hiki," nikamwambia. "Hiki ndicho kiazi."

Mama akawa wa kwanza kucheka, na safari hii kicheko kilimwelekea mwenye kofia. Karimi aliachia ndoano. Alisimama akipangusa mikono, halafu akalegeza ule mshipi mwekundu matundu mawili, akavuta pumzi ambayo nadhani aliidai tangu Nairobi. Hakuna msichana aliyening'inia pale tena. Mutea aliita, akabembeleza, akaahidi hata peremende, na kila aliyeitwa alimpa jibu langu kama aliyelikariri. Mwishowe akabaki kupima viazi, kazi aliyoijia.

Jambo moja sikuliona wakati ule, nimeliona nikiwa mama mwenyewe. Mwaka wa mahindi ya njano mama yangu alikonda. Shingo yake ilibaki mishipa. Kila mgeni wa bondeni aliyejaziwa kikapu, mama alimpunguzia vya sahani yake mwenyewe, na mimi kando yake nilikuwa nanenepesha mbuzi. Mama aliyajua yote mawili siku ile kwenye udongo, na hakunitajia hata moja.

Sasa nina mjukuu, Kendi, miaka kumi na mitano, mwili wangu kabisa, utafikiri nilimkopi. Likizo ya Aprili alikuja na mizani ya kioo ndani ya begi, na jioni hali chakula, ati wasichana wa shule wanatumiana picha kwa simu na kuhesabiana kilo. "Shosho, panda wewe kwanza," akaniambia. Kliniki mimi hupanda, kwa sababu nesi anatafuta dawa, hatafuti kicheko. Lakini pale jikoni kwangu nilimkalisha kando ya moto, nikamwonyesha alama ya mukwa utosini, shimo la kuingia kidole, nikamsimulia haya yote. Alikula. Siku ya pili akala bila kusimuliwa.

Desemba rafiki zake walikuja kumtembelea. Walikuta ile mizani ya kioo kwenye kibanda, naitumia kupimia sungura wa kuuza. Mmoja akaileta mpaka mlangoni, akaiweka chini, akacheka. "Kendi, hebu panda tuone."

Kendi alikuwa akiponda mukimo wa viazi. Hakuuacha mwiko.

"Mimi si kiazi. Sipimwi."