Kumbe koili yangu inaendeshwa na saluni ya jirani

Leo nimegundua kwamba anayepika pombe yangu si mimi.

Mnajua natengeneza pombe ya mtama hapa Kakuma kwa koili ya stima. Koili yenyewe haina pa kupunguzia moto, lakini maji hupata joto polepole na pombe hutoka tamu.

Nikawa najisifu nina mkono.

Leo Jumapili nikabandika kimea cha pombe ya wageni wa posa ya dada yangu. Kugeuka kidogo, sufuria inatokota na kunuka kuungua.

Mama Neema, jirani yangu Mkongo mwenye saluni, akapita akitoka kanisani. Akanusa.

"Mashine yangu ya kukausha nywele ikiwaka, taa yako si inafifiaka?"

Nikaitazama taa. Leo inawaka kabisa.

Tunatumia laini moja ya sola. Akikausha nywele, koili yangu inapungua nguvu. Akifunga saluni, kama leo Jumapili, inapata zote.

Kimea kilichobaki kinatosha sufuria moja tu, na wageni wanakuja kesho.

Nani ana kifaa cha kupunguza nguvu ya koili?

Kama huna, njoo na nywele zilizolowa. Mama Neema ameshafungua.