Joto la Watu Mia Mbili

Wenzake walimwita Masikio tangu darasa la pili, kwa sababu alikuwa nayo, makubwa, yamesimama pande mbili za kichwa kama vishikio vya sufuria. Hakukasirika. Baadaye mjomba wake, fundi wa vinanda, alimwona akiinamisha kichwa kila mlango ulipokwaruza, akasema huyu namchukua mimi. Ndivyo alivyoingia kwenye kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo.

Kituo chake kilikuwa ukumbi wa mji. Nyuma ya jukwaa kulisimama kinanda kikubwa cha mabomba, mabomba elfu mbili na ushei, mengine marefu kuliko nyumba yake na mengine madogo kama penseli, yote yakipulizwa na pampu ya hewa iliyofichwa chini ya sakafu. Pembeni kulikuwa na kimlango cha kuingilia tumboni mwa kinanda, na kwa miaka thelathini na mmoja Masikio alipita hapo na tochi mdomoni. Humo ndani alikula chakula chake cha mchana, humo alisinzia, humo alimlilia mjomba alipofariki. Siku za onyesho alisimama gizani kati ya mabomba akisikiliza kasoro. Viti vya wasikilizaji alivijua kwa kuvipita tu. Ukimwuliza habari za muziki, alikuwa hajausikia. Alikuwa amesikia mabomba.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo wa watu watatu na moyo wa watu wanne.

"Mke mwenzangu hajambo?" alimwuliza mumewe kila jioni.

"Hajambo. Ana vumbi kidogo kooni."

"Mwambie pole."

Yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga ukumbini hata siku moja. Alishikilia kwamba mtu mwenye akili zake haendi kupiga hodi kwa mke mwenza.

Sasa kuna jambo moja la kazi hii ambalo ni lazima lijulikane, nami nitalisema mara moja tu. Kinanda cha mabomba ni hewa. Ukumbi ukipata joto, hewa iliyo ndani ya mabomba nayo inapata joto, na sauti inapanda. Piano ni nyuzi za chuma. Hizo hazina haraka, zinabaki karibu na pale ulipoziacha. Na hakuna kitu kinachotia ukumbi joto kama watu. Kwa hiyo siku ambayo piano na kinanda vitapigwa pamoja, fundi anayekaza nyuzi za piano asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu na baridi, hazikazi kwa sauti ambayo kinanda kinayo saa hiyo. Anazikaza kwa sauti ambayo kinanda kitakuwa nayo alasiri, watu wakishakaa wakapumua. Yaani lazima akisie watakuja wangapi.

Mwaka uliotangulia Masikio alikisia watu mia nne, wakaja mia sita. Kinanda kikapanda kupita piano, na vikasikika kama ndugu wawili wanaogombana huku wakitabasamu mbele ya wageni. Mwenyekiti wa ukumbi alikuwa mng'oa meno mstaafu, mjane wa kiume, mtu wa tai na koti kipupwe na kiangazi, na kazi yake ya zamani haikuwa imemtoka: akiona kitu kinauma, dawa ni kung'oa. Alimwita Masikio ofisini akamwambia kwa upole kwamba aibu ile ikirudiwa, mabomba yote yatatolewa na mahali pake patawekwa kinanda cha umeme kinachoenea kwenye kona. Masikio alirudi nyumbani akamsimulia mkewe yote. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, mkewe hakumwuliza habari za mke mwenza.

Safari hii, basi, hakutaka mzaha. Aliambiwa matangazo yamebandikwa mji mzima, akakisia ukumbi utajaa pomoni, akakaza nyuzi za piano kwa joto la watu mia sita.

Jumapili asubuhi okestra ilikuja kufanya mazoezi. Walipofika kwenye kipande cha pili, pale katikati ambapo fidla na tarumbeta zote hunyamaza wakabaki mpiga piano na mpiga kinanda peke yao, polepole, kiongozi wa okestra alishusha fimbo yake. Alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

"Fundi," aliita. "Hivi viwili havielewani."

Masikio alichomoza kichwa kwenye kimlango. "Ndiyo. Bado watu."

"Watu gani?"

"Wasikilizaji. Wakija vitaelewana."

Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa safu ya kwanza, alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Nimekusikia, Masikio," alisema. "Tutawangoja hao watu."

Saa saba mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kupita. Ilishuka kama imetumwa, na pamoja nayo ubaridi uliowafanya watu waliopanga kutoka wajifunike tena. Saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya onyesho, Masikio alichungulia kutoka nyuma ya pazia la jukwaa. Walikuwa watu mia mbili hivi, wametawanyika ovyo ukumbi mzima, kila mtu na viti vitatu vitupu kulia na kushoto. Kipimajoto alichokitundika kati ya mabomba kilisema nyuzijoto ishirini na mbili. Yeye alihitaji ishirini na saba. Akakaa kwenye sanduku la vifaa.

Hapo ndipo mkewe alipomkuta. Alikuwa amekuja, tena amevaa gauni jipya alilolishona kwa siku tatu. Kama mke mwenza anazikwa leo, alijiambia, adabu ni kuhudhuria.

"Huyo ndiye?" aliuliza, akiyaangalia mabomba juu hadi chini. "Kumbe mrefu. Mbona umekaa hivyo?"

Masikio alimweleza. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Chumba changu cha kushonea," alisema, "wakiingia wateja watano, na pasi iko moto, siku ya mvua kama hii tunatoka jasho. Wangapi? Watano! Tatizo lako si watu, baba, tatizo lako ni chumba. Kifanye kidogo."

"Ukumbi nitaufanyaje mdogo?"

"Lile pazia pale katikati ni la urembo?"

Halikuwa la urembo. Lilikuwa pazia zito la kugawia ukumbi siku za mikutano midogo. Masikio alilikodolea macho kama ndiyo kwanza anaona kitambaa, kisha akainuka mbio. Alifunga madirisha yote ya juu. Alizima feni. Alimwomba fundi taa awashe kila taa aliyokuwa nayo. Mkewe naye aliingia kati ya safu za nyuma, akipiga makofi kama mwenye duka lake.

"Jamani, shikamooni wakubwa, sogeeni mbele! Huku nyuma kunavuja!"

Paa halikuwa likivuja hata tone. Lakini nani atabishana na mwanamke aliyevaa vile? Watu walinyanyuka na miavuli yao, wakasogea, wakabanana bega kwa bega mbele ya jukwaa, makoti yao yakitoa mvuke. Pazia likashuka nyuma yao.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha piano na okestra, kinanda kikiwa kimya. Masikio alikaa tumboni mwa kinanda na tochi yake, hakusikia hata sauti moja, macho kwenye kipimajoto. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Kule ukumbini watu walianza kujipepea kwa karatasi za ratiba. Ilipofika mapumziko ilikuwa ishirini na tano, na sasa likaja balaa jingine, maana wakati wa mapumziko watu hutoka kwenda barazani kunywa chai, na milango ikifunguliwa joto lote linakwenda zake. Mkewe alikuwa ameshaliona. Alisimama mlangoni na mikono kiunoni, akatangaza kwamba leo, kwa sababu ya mvua, chai italetwa humu humu. Wahudumu walimwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amekwenda maliwatoni kunawa uso. Birika kubwa likaingizwa likifoka mvuke. Mimi ningekuwepo ningempigia makofi mwanamke huyo kabla ya okestra.

Mwenyekiti alirudi akakuta vikombe mikononi mwa watu na joto la tanuri. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu mjini aliyewahi kuliona: alivua koti.

Ishirini na sita. Na hapo ikagoma. Kiongozi alipanda jukwaani, fimbo ikainuka, na kipimajoto hakikusogea tena. Nyuzijoto moja pungufu. Masikio alijua hasa nyuzijoto moja ina maana gani: piano na kinanda vingekaribiana, vingekaribiana mno, lakini vikipigwa pamoja sauti ingetikisika, polepole, kama mwanga wa mshumaa karibu na dirisha. Mtu asiye fundi huenda asijue ni nini. Lakini angesikia.

Mkewe alimvuta shati kutoka kwenye kimlango. "Toka humo. Kilichobaki si chako."

Akamkalisha kando yake, safu ya tatu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Masikio hakujua aweke wapi mikono. Kinanda kiliponguruma kwa bomba lake kubwa kuliko yote, kiti kilitetemeka chini yake, na muuza nyama aliyekaa mbele yao akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetekenywa. Muuguzi mzee pembeni alivua viatu akakanyaga sakafu kwa nyayo, apate kuusikia mngurumo vizuri. Mkewe mwenyewe alimshika mkono akaubana. "Kumbe ndiye huyu," alinong'ona. "Ningekuwa wewe, na mimi ningelala kwake."

Kisha fidla zikanyamaza. Tarumbeta zikashuka magotini. Wakabaki wawili, na sauti ikatikisika.

Masikio alifumba macho. Ilikuwa pale pale alipojua itakuwa, katika kila pumzi ya kinanda, kosa lake, limeanikwa mbele za watu mia mbili. Alisubiri wanong'one, wageuke. Hawakunong'ona. Alipofumbua macho aliona karatasi zote zimeacha kupepea. Muuza nyama alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti. Na safu ya kwanza, mwenyekiti alikuwa ameweka kiganja mdomoni, kama mtu anayeumwa na jino bovu.

Watu walishangilia sana mwishoni, wakasimama, wakatoka nje mvuani wakiwa wamelowa jasho na kuzungumza wote kwa pamoja, milango ikafungwa nyuma yao. Mwenyekiti hakutoka. Alikuja taratibu, koti mkononi, shati limemganda mgongoni.

"Masikio. Pale katikati. Walipobaki wawili."

"Ndiyo, mzee," Masikio alisema, akamsogelea. Mkewe alimkanyaga mguu, naye akaendelea hata hivyo, ndivyo alivyo. "Lilikuwa kosa. Nilikisia watu mia sita. Joto lilipungua nyuzijoto moja, vikashindwa kukutana. Sina la kujitetea."

Mwenyekiti alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Marehemu mke wangu alikuwa akiimba akipiga pasi," alisema. "Hakuwa na sauti ya maana, Mungu amrehemu. Ilikuwa inatetemeka, hivyo hivyo kabisa. Miaka tisa sijaisikia." Alijifuta uso kwa mkono wa shati, kwa kuwa leso ilikuwa imeshalowa. "Sasa ukikitengeneza vizuri, haitakuwepo tena?"

"Haitakuwepo, mzee. Ile ni ya leo. Ni mvua, na hao waliokuja."

Mwenyekiti alitikisa kichwa, akiyatazama mabomba. "Hayatoki hayo," alisema. "Yatabaki. Nimesema." Lakini alisema kama mtu anayelipa kitu kilichokwisha kwenda.

Masikio aliinua macho. Kule juu mhudumu alikuwa ameshika kitasa cha dirisha la kwanza. Kwenye jukwaa mpiga piano alikuwa akivaa koti, na mpiga kinanda akikunja karatasi zake. Masikio, ambaye hakuwa amepaza sauti ukumbini humo kwa miaka thelathini na mmoja, alipaza.

"Usifungue! Na nyie wawili, msiondoke! Joto bado lipo, mzee, tuna kama robo saa hivi. Watapiga tena pale katikati."

Wakapiga. Mwenyekiti alisikiliza amefumba macho. Fundi alikaa kushoto kwake na mke wa fundi kulia, wakakaa hivyo mpaka ukumbi ulipopoa.